SOMO: Njaa imerudi na mizani imeganda baada ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Dada, nilikatwa tumbo, mbona nasikia njaa? Mbona kilo hazishuki?" Nimejibu mpaka nimechoka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wanaoniuliza wanaona haya kurudi kwa daktari, kwa sababu jamaa walichanga pesa za upasuaji na sasa wanachunguza kila tonge. Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

Mimi nilifanyiwa slivu Machi 2022, hapahapa Nairobi. Slivu ni ule upasuaji wa kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kubakiza bomba jembamba kama ndizi. Nilianza na kilo 131. Kufikia mwezi wa sita baada ya upasuaji nilikuwa na 96, na hapo mizani ikaganda wiki saba. Si daktari mimi, nauza vitambaa Biashara Street. Haya ni niliyofundishwa na mtaalamu wangu wa lishe pamoja na yaliyonipata.

Kwanza ujue kwa nini njaa inarudi. Sehemu ya tumbo inayoondolewa kwenye slivu ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini. Ndiyo maana miezi ya mwanzo unaweza kukaa hadi jioni hujakumbuka kula. Lakini mwili una njia nyingine za kuitisha chakula, na njaa hurudi polepole. Ikirudi, haina maana kwamba upasuaji umeharibika.

Hatua 1. Hesabu wiki, usihesabu siku. Wengi hukwama wiki ya tatu hivi. Mwanzoni mwili huchoma sukari iliyowekwa kwenye ini na misuli, na sukari hiyo huwa imeshikana na maji mengi, kwa hiyo kilo hushuka kwa kasi. Baadaye maji hurudi kiasi na mizani husimama ingawa mafuta yanaendelea kupungua. Pima mara moja kwa wiki, na uzungushe utepe wa fundi kiunoni.

Hatua 2. Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo. Kiu hujifanya njaa.

Hatua 3. Usinywe chochote ukila, na ungoje nusu saa baada ya kula.

Hatua 4. Tafuta kinachoteleza. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Saa kumi jioni dukani kwetu ni wakati wa chai. Nilikuwa nachukua kikombe cha chai ya maziwa na biskuti nne. Nilikuwa nachovya biskuti mpaka inalegea, nyingine inakatikia ndani, naikusanya na kijiko chini ya kikombe ikiwa uji mtamu. Haikunikaba wala kunijaza. Kipande cha kuku kilikuwa kinanishinda, lakini biskuti zote nne zilipita bila shida, nikajiambia basi hizi ndizo tumbo langu linazikubali. Baada ya saa moja nasikia njaa ya kutetemesha mikono. Nakula tena kitu laini: mandazi ndani ya chai, viazi vilivyopondwa, krispi za ndizi ninazonunua dirishani matatu ikiwa kwenye msongamano wa Jogoo Road.

Vyakula hivi hulainika vikawa kama maji na kupita kwenye lile bomba bila kukaa. Tumbo halipati muda wa kujaa, sukari ya damu inapanda haraka halafu inashuka, na njaa inakuja upya. Unaweza kula kidogo kwa kila mara na bado siku nzima ukawa umekula kingi.

Kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mizani ilipoganda nilidhani tumbo limepanuka, nikaamua kujinyima. Nikaacha chakula cha mchana kabisa. Siku ya tisa nilianguka dukani nikiwa nimeshika mita ya kupimia kitenge, mbele ya mteja. Usiku huo nilikula mkate mzima na chai. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeongeza kilo moja na nywele zinatoka kwa kitana.

Nawaomba sana:
– Usijinyime chakula kwa sababu mizani imekwama. Unapoteza misuli, na misuli ndiyo inayochoma.
– Usirudi kwenye "siku tano za supu" ili kurudisha tumbo dogo. Tumbo halirudi kwa supu.
– Usiangalie ukubwa wa sahani peke yake. Andika siku tatu kila kitu kilichopita mdomoni, pamoja na chai, njugu na kuonja sufuria. Kiganja cha njugu karanga, gramu 30 hivi, ni kalori 170 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama 120.

Hatua 5. Jiulize kama ni njaa au ni asidi. Slivu huleta kiungulia kwa watu wengi, na asidi hutafuna juu ya kitovu vilevile kama njaa. Ukila inatulia kidogo, ndiyo maana unadanganyika. Ikiwa njaa yako inachoma, inakuja usiku ukilala au inapanda kooni, mwambie daktari. Kuna dawa za kupunguza asidi. Na tafadhali, ukiumwa mgongo usiende duka la dawa ukauziwa diklofenaki au ibuprofeni. Hizo huleta vidonda, na kwa aliyefanyiwa baipasi (upasuaji mwingine, wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo) ni hatari zaidi. Sema mapema kwamba tumbo lako limepasuliwa.

Hatua 6. Protini ngumu iingie kwanza. Lenga gramu 60 kwa siku, au kiasi ulichopewa. Siku yangu ya kawaida: mayai mawili ya kuchemsha (protini gramu 12), tilapia gramu 100 bila mifupa (26), nusu kikombe cha ndengu (7), kikombe cha mala bila sukari (8), kipande cha kuku cha gramu 50 (15). Halafu mboga, sukuma au managu. Ugali unakuja mwisho ikiwa bado kuna nafasi, na mara nyingi haipo.

Hatua 7. Lala vya kutosha na utembee. Mimi nashuka steji mbili kabla ya kwangu.

Hatua 8. Vitamini ni za maisha, na vipimo vya damu usiviruke.

Niliporekebisha hatua ya 4 na ya 6, mizani ilianza kusogea wiki ya tatu. Leo nina kilo 84.

MASWALI

Kijana wa Kahawa: Sijasoma yote, ni ndefu. Niambie tu dawa ya kuzima njaa.

Mwandishi: Hatua ya 4 na ya 5. Zisome.

Mama Tito: Dada, niko siku ya 19. Siku nne mizani haijasonga hata gramu. Operesheni imefeli?

Mwandishi: Hatua ya 1, mama. Siku ya 19 ndiyo hiyo wiki ya tatu yenyewe. Ondoa mizani bafuni, mpe jirani akuwekee mpaka Jumamosi ijayo.

Nyota ya Umoja: Kitu kimoja kinanisumbua. Yai na uji vyote vinaingia mfuko uleule mdogo. Mbona yai linanishibisha hadi mchana na uji unaniacha saa moja tu?

Mwandishi: Swali zuri, asante. Tumbo lina mlango chini, na mlango huo haufunguki kwa tonge gumu mpaka lisagwe likawa rojo. Yai na nyama huchukua muda kusagwa, kwa hiyo mfuko unabaki umejaa, na kuta zikivutika ubongo unapata habari kwamba umeshiba. Uji umeshasagwa tayari, kwa hiyo unapita. Juu ya hilo, protini ikifika kwenye utumbo huamsha homoni za shibe kuliko wanga. Ndiyo sababu pia ya kutokunywa ukila: maji huligeuza tonge kuwa uji. Jaribu leo: kula yai kavu, kesho kula yai hilohilo na kikombe cha chai, uangalie saa njaa inaporudi.

Nyota ya Umoja: Nimejaribu. Kavu nilikaa saa nne. Na chai nilikaa saa moja na nusu tu. Nimeshangaa!

Baba Shiro: Sasa unatukataza uji? Mamangu alilelewa kwa uji wa wimbi na ana miaka 81.

Mwandishi: Sijakataza uji, mzee. Wiki za mwanzo za vinywaji, uji mwepesi uliruhusiwa hata kwangu. Naongea na mtu wa mwezi wa sita anayelia njaa huku anakunywa vikombe vitatu vya uji wenye sukari. Mama yako hakukatwa tumbo.

Msafiri wa Rongai: Nilifanyiwa baipasi wiki tano zilizopita. Kwa siku kumi natapika karibu kila ninachokula, na sasa miguu ina ganzi. Nianze na hatua gani?

Mwandishi: Usianze na hatua yoyote. Nenda hospitali leo, si kesho. Huenda njia imebana, na kutapika kwa muda mrefu humaliza vitamini B1, upungufu wake unaharibu neva. Waambie tarehe ya upasuaji, siku za kutapika na hiyo ganzi, na utaje B1 kwa jina kabla hawajakuwekea dripu ya sukari. Ukifika tuandikie neno moja tu.

Msafiri wa Rongai: Nimelazwa. Nimewekewa dripu ya B1. Asante dada.

Mwandishi: Mungu akusimamie. Nitakupigia jioni ukiwa na nguvu.

Binti Kariokor: Nywele zangu zinatoka mwezi wa nne. Nimeambiwa nipake mafuta ya mnyonyo.

Mwandishi: Mafuta hayadhuru, lakini shida iko ndani. Mwili ukipata mshtuko wa upasuaji, nywele hutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na nyingi huota tena. Ongeza protini, pima damu na akiba ya madini ya chuma. Vidonge vya chuma usivimeze na chai, na uvitenganishe na kalsiamu kwa saa mbili.

Mama Tito: Mimi samaki mkubwa ni ghali kwangu. Nifanyeje?

Jirani wa Gikomba: Omena, wale dagaa, mama. Toa vichwa, osha na maji moto mara mbili, kamulia ndimu, ndipo ukaange kwa mafuta kidogo na nyanya na dhania. Uchungu wote unaisha. Mie hupika ya siku mbili.

Mwandishi: Naongezea: tafuna kila kijiko mpaka kiwe laini kabisa. Omena iliyomezwa haraka hukwama kifuani na utajuta saa nzima.

Binti Kariokor: Jumamosi nina ruracio (sherehe ya mahari) Kiambu. Shangazi zangu hujaza sahani, na ukikataa wanasema unajidai.

Mwandishi: Nenda jikoni mapema ukawasaidie kupakua, ndipo sahani yako uijaze mwenyewe. Weka nyama vipande vitatu na mboga, mukimo kijiko kimoja ukiutandaza uonekane. Soda iache mezani mbele yako bila kuifungua. Shangazi wa kwanza akikuuliza, mwambie daktari amekukataza, na ni kweli.