Kusoma usanifu wa mwingiliano ukiwa kazini: hatua kwa hatua

Wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye fani hii wengi wana ajira tayari: karani wa benki, muuguzi wa mapokezi, mhasibu wa SACCOS. Swali lao la kwanza huwa ni kozi ipi walipie. Huwaambia kozi isubiri. Usanifu wa mwingiliano unahusu yanayopita kati ya mtu na chombo anachotumia: anaona nini, anafanya nini, anajibiwa nini, na jibu analielewaje. Aliye kazini anayaona hayo kila siku, tena bila kulipa ada.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja ndogo

"Mfumo wa hospitali" ni mzigo usiobebeka. "Kumsajili mgonjwa aliyerudi bila kadi" kunabebeka. Hapa nitatumia mfano ambao kila msomaji anaujua: kutuma pesa kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Kazi utakayoichagua kaa nayo mpaka mwisho. Wanaobadilisha kila wiki hawafiki kwenye majaribio, na huko ndiko wangejifunza zaidi.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kuuliza

Mwombe wakala ruhusa, ukae pembeni ya kibanda chake nusu saa. Mama anapiga *150*00#, anachagua kutuma pesa, anaulizwa namba. Namba iko kwenye karatasi, karatasi iko kwenye pochi. Anaitoa, anaikunjua, anaandika tarakimu mbili tatu, anaangalia tena karatasi. Kabla hajamaliza, menyu imejifunga. Anaanza upya, safari hii wakala akimsomea.

Ukimuuliza baadaye, huenda akasema huduma ni nzuri, ila mtandao ulisumbua kidogo. Kwa hiyo andika ulichokiona: alisita wapi, alirudi wapi, nani alimsaidia. Usiandike jina wala namba ya mtu, na anapoweka namba ya siri tazama kwingine. Kama unatumia taarifa za wateja wa ofisini kwako, omba kibali kwanza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022.

Kisha tafuta sababu. Menyu ya USSD, yaani ile inayofunguka kwa kupiga namba kama *150*00#, haikai ndani ya simu. Ni mazungumzo ya papo kwa papo na mtandao, na mtumiaji akikaa kimya mno mtandao huyakata. Ujumbe mmoja hubeba herufi 182 tu. Usipojua mipaka hiyo utapendekeza maelezo marefu yasiyoenea.

Hatua ya 3: Chora kwenye karatasi

Figma, programu ya kuchorea skrini kwenye kompyuta, utajifunza baadaye, wala haitakusumbua. Sasa kata karatasi vipande vya ukubwa wa skrini, kila ujumbe kipande chake. Tengeneza matoleo mawili yanayotofautiana kweli. La kwanza linamwambia mtu aandae namba ya mpokeaji kabla hajaendelea. La pili linamworodheshea aliowatumia karibuni ili achague kwa tarakimu moja. Litamfaa anayemtumia mzazi kila mwezi, lakini mwenye karatasi halitamsaidia.

Maneno yapiganie. "Muamala haujakamilika" humwacha mtu na hofu. "Pesa haijatumwa. Salio lako halijapungua." humjibu kile anachokiwaza.

Hatua ya 4: Jaribu na watu watano

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo katika duru moja ya majaribio, na kwamba duru ndogo kadhaa ni bora kuliko moja kubwa. Kwa mwajiriwa hii ni nafuu: wawili saa ya chakula, watatu jioni. Wenzako wa TEHAMA usiwahesabu.

Wewe ndiye simu. Mtu anagusa karatasi, unamwekea kipande kinachofuata. Mweleze kwamba inayopimwa ni karatasi, yeye hapimwi. Kisha nyamaza, na hapo ndipo pagumu kuliko pote. Akiuliza, "Nibonyeze hapa?", mjibu, "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?"

Kwetu watu huona haya kukosoa kazi ya mtu mbele yake, hasa wazee, ambao watakusifu ili wasikuvunje moyo. Usiulize kama kazi ni nzuri. Mpe matoleo yote mawili, kisha uliza: "Mzee, lipi limekusumbua zaidi?" Hapo atasema.

Hatua ya 5: Sasa soma nadharia

Kanuni kumi za Nielsen za mwaka 1994 zinapatikana bure mtandaoni. Ya kwanza inasema mfumo umjulishe mtumiaji kinachoendelea. Baada ya kumwona yule mama, huhitaji kuikariri. Kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, kwamba kitufe kidogo kilicho mbali huchelewesha mkono, itakufaa ukianza kusanifu programu za simu za mguso. Kozi ya Chuo Kikuu cha California, San Diego iliyoko Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, ni nzuri. Pakua video penye Wi-Fi, uokoe bando.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja

Weka tatizo, picha za karatasi zako, ulichobadilisha baada ya kila duru, na yaliyokushinda. Mwonyeshe kwanza mkuu wako wa kazi, kwa sababu tatizo ni la ofisi yake na ruhusa ya kulijaribu kwenye mfumo halisi anayo yeye.