Somo: Kuzuia kelele za jirani zisipite ukutani kwenye jengo la wapangaji wengi

Wakuu habari zenu. Maswali ya kelele za jirani yamekuwa mengi, mara TV, mara sabufa, mara simu za watu unazisikia neno kwa neno mpaka unajua nani anamdai nani, na karibu kila mtu ushauri wa kwanza anaopewa ni nunua zile sponji za studio ubandike ukutani. Usinunue. Sponji na trei za mayai kazi yake ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba chako mwenyewe, studio wanabandika ili sauti wanayorekodi isirudi rudi, si kwa ajili ya kuzuia kelele. Sponji ni nyepesi na imejaa matundu, sauti ya jirani inapita humo kama haikuona kitu. Tena sponji nyingi zikishika moto zinawaka fasta na moshi wake ni sumu, kwahiyo umelipia hatari ukabaki na kelele zako.

Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta, kuziba hewa, na kutenganisha upande mmoja na mwingine visigusane. Uzito peke yake una mwisho. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa hesabu za vitabuni, wakati sikio la mtu linataka ipungue karibu desibeli 10 ndo liseme kelele imebaki nusu. Ndo maana kuongeza tofali juu ya tofali sio njia ya akili, na hapa chini nitakaa zaidi kwenye kuziba na kutenganisha.

HATUA YA 1: tafuta inakopita kwanza

Subiri usiku, zima feni na kila kinachounguruma, jirani akiwa ameanza mambo yake weka sikio ukutani alafu sogea taratibu. Usiishie katikati ya ukuta, watu wengi ndo wanapokosea. Nenda kwenye soketi, kwenye kona ya juu, kwenye tundu la bomba, chini ya mlango, dirishani. Mara nyingi utashangaa katikati ya ukuta pametulia alafu ukifika kwenye soketi unasikia mpaka taarifa ya habari.

Kama una dari ya bodi fungua kipande kimoja uchungulie juu na tochi. Majengo mengi ukuta wa kati umejengwa ukaishia usawa wa dari, juu pako wazi, yaani wewe na jirani mnachangia dari moja. Hapo hata ujenge ukuta wa mita nzima sauti itaruka juu itashukia kwako. (Jengo likiwa la zamani na hujui dari ni ya nini, usikate wala kutoboa, inaweza kuwa na asbesto, yaani nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, muite anayejua aicheki kwanza.)

Jingine la kujua mapema ni aina ya kelele. Maneno, redio, mtoto kulia, hizo zinasafiri hewani na somo hili ni lake. Vishindo vya kutembea, kuburuza viti, kutwanga, hizo zinaingia kwenye zege lenyewe na kutokea popote, dawa yake inakaa kwa yule anayegonga: zulia zito lenye kitu laini chini yake, raba kwenye miguu ya viti, kinu kikae juu ya mkeka mnene wa raba. Ukijenga ukuta kwa ajili ya vishindo vya mtu wa juu utalia.

HATUA YA 2: ziba

Hii ndo hatua ya bei rahisi na ndo watu wanairuka. Sauti ni kama maji, hata uwe na pipa la chuma kikiwepo kitundu yatatoka tu. Chukua ukuta wenye kimo cha mita 2.5, fundi kaacha ufa wa sentimita 1 juu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huo ufa ni asilimia 0.4 tu ya ukuta, lakini hata ukuta wenyewe uwe zege tupu hautazuia zaidi ya kama desibeli 24, na kwa kiwango hicho maongezi ya kawaida unayasikia vizuri tu.

Matundu makubwa jaza mota ya saruji na mchanga. Nyufa na maungio tumia silanti ya akustiki, yaani gundi ya kuzibia iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti, ile ambayo haikauki ikawa ngumu, ukikosa tumia silikoni au akriliki nzuri isiyopasuka. Lile povu la kopo linalovimba fundi atalipenda kwa sababu linamaliza kazi haraka, lakini ni jepesi, kwa sauti linasaidia kidogo sana. Bomba linalopita ukutani usilikaze kwa saruji, lizungushie kitu laini na silanti, likikazwa linapeleka mtetemo kwenye ukuta wote.

Soketi zilizotazamana mgongo kwa mgongo na za jirani ni tundu kabisa. Zima umeme kwenye meini swichi, hakikisha kwa testa, alafu ziba pembeni ya boksi na nyuma yake (usijaze ndani kwenye nyaya). Kama una uwezo fundi umeme ahamishe yako isogee pembeni, na lile shimo la zamani lijazwe mota.

Kama ukuta ni wa bloku ambazo hazijapigwa plasta, piga plasta, pande zote mbili kama jirani anakubali. Bloku zina vinyweleo na hewa inapita, watu wanaona ukuta mnene wanadhani umemaliza. Na ile sehemu ya juu ya dari nayo ipigwe, huko ndo hakuna anayejisumbua. Ukuta ulioishia kwenye dari upandishwe mpaka ufike kwenye zege au paa, na juu uzibwe.

HATUA YA 3: mlango

Milango ya vyumba jirani ikitazama korido moja, sauti inatokea kwake inaingilia kwako na ukuta hauhusiki kabisa. Mlango wa flashi ulio wazi ndani ni karatasi tu, ukiweza weka mlango mzito wa mbao iliyojaa. Ukishindwa basi angalau raba kwenye fremu pande tatu na kizuizi chini kinachogusa sakafu. Kupima: zima taa za ndani, mwenzako amulike tochi nje, ukiona mwanga basi na sauti inapita hapohapo.

HATUA YA 4: ukuta wa pili

Ukishaziba kila kitu na bado inasumbua ndo uje hapa: unasimamisha fremu mbele ya ukuta wa zamani, upande wako, na kuifunika kwa bodi mbili za jipsamu. Kwanza ruhusa ya mwenye jengo, pili uzito: jipsamu mbili pamoja na fremu ni kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba, ukuta wa mita 10 za mraba ni kilo 250 zimekaa kwenye mstari mmoja wa sakafu. Sakafu ya mbao muulize injinia kwanza. Chumba nacho kitapungua kama sentimita 10.

Siri yote ni fremu mpya isiguse ukuta wa zamani. Acha nafasi ya sentimita 1 mpaka 2, ifungwe chini na juu tu, na zile chaneli (vyuma vya fremu vinavyolala sakafuni na juu) ziwekee utepe wa raba zinapogusa. Ndani panga pamba ya mawe (rockwool) ya sentimita 5, usiikandamize, na vaa barakoa na glavu maana inawasha ngozi na koo. Alafu jipsamu ya kwanza, tuseme ya milimita 12.5, kisha ya pili ya milimita 15 juu yake, maungio yasikutane. Unene tofauti una maana, kila bodi ina sauti yake inayoipitisha kirahisi, zikitofautiana kila moja inafunika udhaifu wa mwenzake. Pembeni kote, sakafuni na juu, acha milimita 5 bodi isiguse kitu, pajaze silanti.

Sasa simama na fundi wakati wa skrubu. Skrubu moja ndefu ikipita fremu ikashika ukuta wa nyuma imeshafanya daraja, mtetemo unapita hapo na kazi ya kutenganisha inaharibika. Vilevile mota iliyodondokea kwenye ile nafasi ya nyuma, itoe kabla hujafunga. Fundi akikwambia "ngoja niipige fisha moja katikati ikae imara" mkatalie, hata akinuna. Na kwenye ukuta huo mpya usiweke soketi wala usitundike TV.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi mpangaji tu, mwenye nyumba hataki hata msumari, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3 nyingi unaweza, raba za mlango zinabandikwa na kubanduliwa. Kabati kubwa lililojaa vitabu au nguo ukilisogeza kwenye ukuta wa jirani linasaidia kidogo, sio muujiza. Hamisha na kitanda, kichwa kikitoka kwenye ukuta ule utaona tofauti kuliko pazia zito unalotaka kununua.

Swali: Mbona mimi nilibandika jipsamu kwa gundi juu ya ukuta wa tofali na naona kama besi imezidi???

Jibu: Hujakosea kusikia. Ile gundi ya madonge inaacha kanafasi kembamba ka hewa nyuma ya bodi, bodi na hewa vinaanza kucheza pamoja kwenye sauti fulani nzito, na hapo inapita zaidi kuliko mwanzo. Nafasi ikiwa pana na ina pamba ndani, huko kucheza kunashuka chini mpaka kusikokusumbua. Hiyo itoe.

Swali: Naomba kuuliza badala ya pamba ya mawe naweza kuweka godoro kuukuu au nguo za zamani, si kazi ni ileile

Jibu: Dada hapana. Kwa sauti zingefanya kazi kiasi, lakini umefungia kitu kinachowaka ndani ya ukuta wa jengo lenye familia nyingi, na unyevu ukiingia ni ukungu na panya. Pamba ya mawe haiwaki.

Swali: Ukuta wetu ni jipsamu pande zote mbili uwazi katikati. Naongeza fremu nyingine tu mbele?

Jibu: Ngoja kwanza. Ukifanya hivyo unapata tabaka tatu zenye nafasi mbili nyembamba, na kwa besi inaweza kuwa mbaya kuliko ulivyo sasa. Bora kuongeza bodi ya pili palepale juu ya iliyopo, au kutoa bodi ya upande wako, kujaza pamba na kurudisha mbili. Ila kutoa mpaka mwenye jengo akubali, ukuta huo huenda ndo unaozuia moto kati yenu.

Swali: Jirani ana sabufa, hayo yote yataimaliza?

Jibu: Kuimaliza hapana kaka, besi ndo ngumu kuliko zote, mawimbi yake ni marefu na ukuta wote unatikisika nayo. Mwombe aitoe kwenye kona na ukutani, aiweke juu ya raba nene. Mpelekee hiyo raba wewe mwenyewe, utatumia kidogo kuliko kujenga.

Swali: Nikimaliza ntajuaje kama imepungua kweli au najifariji?

Jibu: Kabla ya kuanza omba jirani apige wimbo mmoja, sauti namba fulani, spika mahali fulani, wewe pima kwa programu ya desibeli ya simu ukiwa sehemu moja chumbani. Ukimaliza rudieni vilevile, simu ileile. Namba za simu sio sahihi sana lakini tofauti ya kabla na baada inatosha kukuonesha. Pima usiku, mchana kelele za barabarani zitakudanganya.