Mkoba wa fundi kompyuta: ninachobeba, na ninachokiacha nyumbani

Dogo aliyekuwa ananisaidia kazini kwa miaka miwili ameniaga, anakwenda kufungua kijiwe chake Korogwe. Siku ya mwisho akaniuliza, "Dada, nina laki tatu mfukoni. Nianze kununua nini?" Alitegemea nitamtajia blowa na vifaa vya kulehemu. Nikamwambia aanze na daftari la kurasa mia mbili.

Akacheka. Mimi sikucheka, maana daftari limeniokoa mara nyingi kuliko bisibisi. Nipo Ngamiani hapa Tanga, na mpaka leo kuna mteja anafika mlangoni, ananitazama, kisha anauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nikisema ndiye mimi, wengine wanasema watarudi. Na kweli wanarudi, ila laptopi inakuwa imeshafunguliwa na mtu mwingine na skrubu mbili hazipo. Kwa hiyo naandika kila kitu mteja akiwa amesimama hapo hapo: jina, simu, aina ya mashine na namba yake iliyo chini ya kava, imekuja na chaja au bila chaja, ina ufa wapi, skrubu zimetimia au la. Tatizo naliandika kwa maneno yake mwenyewe. "Inazima nikiiweka kitandani" inaniambia mengi kuliko "ni mbovu". Hapo nimeshajua feni haipumui.

Mashine ikiwa inawaka, nafungua CPU-Z, programu inayoonyesha vilivyomo ndani ya mashine, mbele yake na kuupiga picha ukurasa wa prosesa na wa RAM (kumbukumbu ya muda). Kuna mzee aliwahi kunidai kwamba RAM yake ilikuwa ya GB 8 nami nimemrudishia ya GB 4. Sikuwa na picha. Nikalipa.

Sasa tuje kwenye vyuma, na hapa sitakaa sana. Bisibisi ndogo za nyota, PH0 na PH00, zinafungua karibu kila laptopi inayopita mezani kwangu. Ongeza Torx T5 na T8, na ile ya pembe tano, P5, kwa ajili ya MacBook. Nunua seti moja nzuri yenye sumaku, maana za bei chee zinajikata meno kwenye skrubu ya kwanza iliyokaza, na hapo umejiongezea kazi. Kava usilifungue kwa kisu. Kadi ya benki iliyokwisha muda inatosha. Chini ya mashine natandika kanga ya zamani ili skrubu isidundie sakafuni, na pembeni naweka karatasi niliyochora umbo la kava, kila skrubu naibandika kwa selotepu mahali ilipotoka. Skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi itatokea upande wa pili, ikute mazabodi (bodi kuu ya mashine) au kibodi. Kava likishatoka, cha kwanza ni kuchomoa betri. Cha kwanza kabisa, kabla hujagusa kingine.

Vingine ni brashi ya rangi isiyotumika, spiriti ya isopropili yenye nguvu (asilimia 99 ukiipata), pesti ya kupitisha joto la prosesa, betri mbili tatu za CR2032 (zile za duara kama sarafu), na ufutio mweupe wa shule. Ufutio usiudharau. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na meno ya RAM yanapata utando usiouona kwa macho. Mashine inawasha taa, feni inazunguka, kioo cheusi. Chomoa RAM, sugua meno yake taratibu kwa ufutio, futa vumbi kwa spiriti, rudisha. Nyingi huwaka. Wateja hawaamini kwamba wamelipia ufutio, ila hawalipii ufutio, wanalipia ujuzi.

Mita

Kama ningeruhusiwa kifaa kimoja tu cha umeme, ningechukua multimita, mita ya kupimia umeme. Niliwahi kuitwa Pangani kwenye nyumba ya wageni. Kompyuta ya mapokezi, laptopi ya Dell, imekufa. Mafundi wawili walishasema mazabodi imeungua. Nikaweka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, nikapima kichwa cha chaja.

Wengi wanakosea hapa. Kichwa cha Dell cha duara kina sindano nyembamba katikati. Ile si chanya. Chanya iko kwenye ukuta wa ndani wa duara, hasi iko ukuta wa nje, na sindano ni ya kuitambulisha chaja kwa mashine. Ukigusisha waya mwekundu kwenye sindano utasoma kitu cha ajabu na utaitangaza chaja imekufa wakati ni nzima. Na sindano hiyo ikipinda au ikikatika, mashine inaweza kuwaka lakini betri haijai, na Dell itakuandikia kwamba haitambui aina ya chaja.

Nikagusa panapotakiwa: sifuri. Nikaukunja waya kidogo karibu na kichwa: 19.4. Nikauachia: sifuri tena. Waya ulikuwa umekatika kwa ndani, pale pale dada wa mapokezi anapoukunja kila jioni akiuzungushia kwenye chaja. Mazabodi haikuwa na kosa lolote. Nilikata sentimita kumi, nikaunga upya, nikapanda basi la saa tisa kurudi.

Kwa kompyuta za mezani mita hiyo hiyo inapima pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Ichomoe kwenye mazabodi, waya wa ukutani uuache ukiwa umechomekwa, pima kwanza waya wa zambarau: lazima uwe na volti 5 hata kabla ya kuwasha. Kisha unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni izunguke, upime: njano 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Njano ikisoma chini ya 11.4 au juu ya 12.6, badilisha. Usiifungue ndani kuitengeneza kama hujafundishwa. Kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Flashi moja yenye kila kitu

Zamani nilikuwa na flashi sita, kila moja na karatasi: hii Windows 10, hii Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta). Siku hizi nina moja ya GB 64 niliyoiwekea Ventoy. Ni programu ya bure: unaiweka kwenye flashi mara moja (inafuta kila kilichokuwemo, angalia), halafu unanakili mafaili ya ISO (kila moja ni diski nzima ya kuwashia ndani ya faili moja) kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo inakuletea orodha, unachagua. Kwenye mashine zenye Secure Boot (ulinzi unaokataa kuwasha mfumo usiotambulika), mara ya kwanza itakutaka uidhinishe ufunguo wake. Fuata maelekezo ya kioo, usikimbilie kuizima.

Ndani yake nina Windows 10 na 11 zilizopakuliwa kutoka Microsoft wenyewe, Hiren's BootCD PE, SystemRescue (Linux ya uokoaji), Clonezilla (ya kunakili diski nzima), Memtest86+ (ya kupima RAM) na Linux Mint. Hiren's inanipa Windows ndogo inayoishi kwenye RAM, hivyo naingia kwenye mashine iliyogoma na kutoa mafaili ya mteja bila kugusa Windows yake. Linux Mint naitumia kama shahidi: kama WiFi, sauti na kioo vinafanya kazi humo lakini kwenye Windows havifanyi, basi kifaa ni kizima na ugonjwa uko kwenye programu. Memtest86+ iache imalize mzunguko wote, ikikuta kosa hata moja pima RAM moja moja ujue ipi ndiyo mbovu.

Flashi hii haichomekwi kwenye Windows ya mteja inayowaka. Hiyo ni sheria. Hasa mashine za steshenari, ambako flashi mia za wanafunzi zinapita kwa siku na mafaili yote yanageuka kuwa njia za mkato. Kwa kazi hiyo nina flashi ya pili, ya kuhamisha tu, ambayo naifomati kila jioni. Flashi ya mteja iliyopatwa na ugonjwa huo, mafaili mara nyingi yamefichwa tu. Ikiwa imesoma kama E, fungua Command Prompt uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na yatajitokeza. Ila kirusi bado kipo kwenye kompyuta, kwa hiyo naipitisha Microsoft Safety Scanner. Hiyo inakwisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo usikae na ya mwaka jana ukidhani una dawa.

Diski: hapa usiharakishe

Nilipoanza kazi, mwalimu mstaafu aliniletea laptopi nzito kama jiwe. Ndani kulikuwa na picha za harusi ya bintiye, nakala pekee. Nikaona Windows inasumbua, nikapiga chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kama nilivyofundishwa. Ikafika katikati, diski ikaanza kulia tik, tik, tik, halafu ikanyamaza. Haikuamka tena. chkdsk ilikuwa imeilazimisha diski inayokata roho kusoma kila kipande chake mpaka ikaishiwa pumzi. Mwalimu hakunigombeza, alisema tu "basi, mwanangu," na nadhani ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Tangu siku hiyo mpangilio wangu haubadiliki: natazama afya ya diski, natoa nakala, ndipo natengeneza.

Afya naitazama kwa CrystalDiskInfo. Usiishie kwenye rangi ya bluu au njano. Soma mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni vipande vibovu vilivyokwisha kubadilishwa, C5 ni vile vinavyosubiri kuamuliwa, C6 ni vilivyoshindikana. C5 ikiwa si sifuri, simama. Jihadhari pia na namba zenyewe: programu hii inazionyesha kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo 10 unayoiona pale ni 16. Unaweza kuibadili kwenye mipangilio isome kwa hesabu ya kawaida.

Diski ikiwa inaumwa, naitoa, naichomeka kwa waya wa SATA kwenda USB (diski kubwa za mezani zinataka waya wenye umeme wake wa volti 12), nawasha SystemRescue na kuandika lsblk ili nijue ipi ni ipi. Hili lisome mara mbili. Ukikosea hapo unanakili utupu juu ya picha za mtu. Kisha, nikiwa ndani ya diski nyingine kubwa zaidi niliyoifomati kwa NTFS (hapa /dev/sdb ndiyo diski inayoumwa):

ddrescue -n /dev/sdb picha.img ramani.map

Hiyo inachukua kwanza vilivyo rahisi na kuruka vigumu. Ikimaliza, narudi na ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img ramani.map ili ijaribu vilivyobaki mara tatu. Faili la ramani ndilo linalokumbuka ilipofika. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia. Usitumie FAT32 kupokelea, haishiki faili linalozidi GB 4. Baada ya hapo diski ya mteja naifungia kwenye bahasha, na TestDisk au PhotoRec, programu za kurudisha mafaili, zinafanya kazi kwenye nakala tu.

Mitego ya mashine mpya

Ukipiga Windows kwenye laptopi ya Intel kizazi cha 11 kwenda juu, inaweza kukuambia hakuna diski. Diski ipo. Inahitaji draiva ya Intel iitwayo RST yenye VMD (sehemu ya Intel inayosimamia diski). Pakua mapema, weka kwenye flashi, bonyeza Load driver. Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), sawa kama unafuta kila kitu, lakini ukiizima kwenye mashine ambayo Windows yake tayari imo, huenda isiwake.

Cha pili ni BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski. Laptopi nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe mteja anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na yeye hajui. Ukibadili kitu kwenye BIOS, asubuhi inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa hiyo kabla sijagusa, naandika manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, mteja aingie kwenye akaunti yake atafute ufunguo, auandike mwenyewe kwenye daftari lake.

Na tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila wiki kuna anayeleta laptopi ya HP EliteBook 840 G3 ya mtumba wa Dubai akitaka Windows 11. Prosesa yake ni kizazi cha 6, na orodha rasmi ya Microsoft ya prosesa za Intel kwa jumla inaanzia cha 8. Programu iitwayo Rufus inaweza kutengeneza flashi inayoruka kizuizi hicho. Naifanya, ila namweleza wazi kwamba Microsoft hawaitambui na siku masasisho yakigoma asije na ghadhabu.

Kwa mtumba mwingine wowote, kabla mteja hajalipa dukani, namwambia aandike powercfg /batteryreport. Alinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity. Betri iliyozaliwa na 48,000 na sasa inashika 17,000 si betri ya kukaa nayo darasani.

Ninayoyaacha nyumbani ni mashine ya kusoma chipu za BIOS, maana ile nyeusi ya CH341A inaweza kupeleka volti 5 kwenye chipu ya 3.3, na programu za kuvunja leseni, ambazo nusu ya virusi ninavyovisafisha vinaingilia humo. Picha za mteja sizifungui. Nikihakikisha zimehama naangalia idadi na ukubwa wa mafaili, basi.

Dogo aliondoka na daftari, mita, seti ya bisibisi na flashi niliyomnakilia ya kwangu yote. Nikamwonya asiiazime kwa mtu. Juzi kanipigia.

"Dada, shikamoo. Ile flashi..."

"Marahaba. Umemwazima nani?"

"Jirani wa steshenari. Alisema dakika tano tu."

Nikamwambia anunue nyingine, aanze kupakua usiku bando likiwa rahisi, na ile aliyoiazima jirani ikirudi asiichomeke popote.