Kabla ya kutoa mate: ukoo unavyojiandaa kuwatafuta wazee waliopelekwa Ujerumani

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi (mtawala wa Kichaga) Meli pale Old Moshi, Kilimanjaro, pamoja na viongozi wengine 18. Fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, halijapatikana mpaka leo. Hata hivyo Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba uchunguzi wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki, kwa kupima DNA (vinasaba), umepata ndugu walio hai Tanzania. Fuvu moja ni la Akida, mshauri wa Meli. Kwa hiyo inawezekana kumpata mzee wenu, ila mjiandae.

Anzeni na kikao cha ukoo na daftari. Andikeni wazazi wa mzee, dada zake, na kila mke na watoto wake. Kazi nyingi huharibikia hapa: watoto huandikwa fungu moja, mama zao hawatajwi.

Halafu chagueni mtoa sampuli ya mate, ambayo DNA yake italinganishwa na ya fuvu. Kromosomu Y, sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo anayepimwa awe mwanamume aliyetokana na mzee kwa wanaume watupu. Binti mmoja katikati anatosha kuukata mstari. DNA ya upande wa mama ni kinyume: watoto wa mzee hawana ya kwake kabisa. Mtafuteni aliyetokana na dada yake wa tumbo moja, kwa wanawake watupu. Shangazi aliyeolewa, tuseme, Kibosho miaka hiyo, ambaye vikao vingi humsahau, ndiye mwenye ufunguo. DNA nyingine hupungua kila kizazi: kitukuu hubaki na kama 1/8, kilembwe 1/16. Wapimeni wakongwe kwanza, wangali hai.

Dakika 30 kabla ya kutoa mate, mtu asile, asinywe, asivute sigara. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili, ieleze data itahifadhiwa wapi, itatumika kwa lipi na itaondolewaje. Msisaini siku hiyohiyo. Hao ni wazee wenu, hamna haja ya kuharakishwa.

Msiamini lebo peke yake. "Moschi" (Moshi kwa Kijerumani) juu ya fuvu huenda ni kituo lilikopitia safarini tu.

Mabaki hurudishwa kwa makubaliano ya serikali na serikali. Pelekeni barua kupitia serikali ya kijiji na ofisa utamaduni wa wilaya, mkiambatisha mti wa ukoo na muhtasari wa kikao wenye saini. Kihamba (shamba la ukoo) cha kumzikia kikubaliwe mapema, na nyumba za wake zake wote ziwakilishwe.

Majibu yakiwa hapana, waelezeni wazee vizuri: huenda DNA ya fuvu imeharibika, au fuvu lake halimo kati ya yaliyopimwa. Sampuli ziombewe kulinganishwa tena makusanyo mengine yakipimwa.