Pilau ya Idd kwa watu 25 ofisini, na kipimo cha maji kinachosumbua wengi

Juzi mdogo wangu wa idara ya uhasibu aliniomba nimsaidie kupika pilau ya Idd kwa ajili ya wenzetu kazini. Kwao anapikia watu sita na pilau inachambuka vizuri. Kilichomtisha ni sufuria kubwa. Tulipika pamoja kwangu Tabata, na nimeandika hapa tulivyofanya.

1. Hesabu watu, kisha uliza

Kwa watu 25: mchele kilo 3, nyama ya ng'ombe kilo 3, viazi mviringo kilo 2, vitunguu maji kilo 1 na nusu, vitunguu saumu vichwa 4, tangawizi, mafuta nusu lita. Mlinzi wa getini na dada wa usafi wawemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Uliza mapema nani hali nini. Idd el-Fitr ya 2025 iliangukia ndani ya Kwaresma, na Ijumaa za Kwaresma Wakatoliki hawali nyama. Sufuria ndogo ya pilau ya viazi na njegere, isiyoguswa na supu ya nyama, itawafaa wao na mwenzetu wa dini ya Kihindu.

2. Viungo

Nunua vizima, vikaange kidogo bila mafuta, utwange. Binzari nyembamba vijiko 5 vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja na nusu, iliki punje 20, mdalasini vijiti 4, karafuu 12 na zisizidi hapo. Vya pakiti vilivyosagwa zamani mimi sivitaki, harufu yake imeshaondoka.

3. Nyama

Ichemshe usiku wa kuamkia siku yenyewe, iweke friji pamoja na supu yake.

4. Vitunguu

Rangi ya pilau inatoka hapa. Kaanga mpaka viwe kahawia iliyokolea, usivikimbie. Kisha saumu na tangawizi, viungo, nyama, viazi.

5. Maji

Mwaka wa kwanza nilipowapikia ofisini nilizidisha tu kipimo cha nyumbani: vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Kilo 3 ni kama vikombe 15 vya mililita 250, nikamimina 30. Ikawa bokoboko. Nilichota maji kwa upawa, nikatandaza wali kwenye masinia ukauke, nikarudisha jikoni. Saa mbili nzima zilikwenda, na watu wakala saa 9 alasiri.

Sababu ni mvuke. Sufuria kubwa ina kina kirefu, na uso unaotoa mvuke ni mdogo ukilinganisha na mchele uliomo. Maji yanayopotea hayaongezeki sawasawa na mchele. Kwa hiyo kwenye sufuria ya lita 20, kwa kilo 3 za mchele uliolowekwa nusu saa na kuchujwa, naanza na lita 4 na nusu za supu, ikipungua naongezea maji, na kila kitu kiwe kinachemka. Nusu lita nyingine inakaa pembeni, ya moto. Ukimimina maji baridi, mchele unasimama kuiva na viazi vinavurugika.

Halafu uulize dukani mchele umevunwa lini. Mchele mpya wa msimu unataka maji kidogo kuliko wa mwaka jana. Ukiwa mpya, punguza kikombe kimoja au viwili. Mimi napikia wa Kyela kwa sababu ya harufu yake. Basmati naiachia biriani. Usichanganye aina mbili ati mmoja haukutosha: mmoja utaiva mwingine ukiwa na kiini.

Onja supu kabla mchele haujaingia. Iwe na chumvi iliyozidi kidogo, mchele utaimeza. Mchele ukiingia, koroga mara moja tu kutoka chini, funika. Maji yakishuka usawa wa mchele, tafuna punje ya juu na ya katikati. Zikiwa ngumu kabisa, nyunyiza ile akiba kwa mkono, usiimwage mahali pamoja.

6. Kupalia

Punguza moto chini, weka makaa juu ya mfuniko, dakika 30. Gesi inaunguza chini na kuacha juu pabichi, ndiyo maana kwa sufuria kubwa natumia mkaa tu.

7. Kusafirisha

Usipike usiku ukaacha sufuria mezani hadi asubuhi. Wali uliopoa polepole huota bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Anza saa 11 alfajiri, na uombe ruhusa mapema ya kuingia kazini saa 4.

Suuza mahotpoti kwa maji yanayochemka, uyakaushe. Pakia pilau ikiwa ya moto, tandika kitambaa safi kikavu juu ya wali, ndipo ufunge. Bila kitambaa mvuke unageuka matone na kurudi kwenye wali, na kazi yote ya hatua ya 5 inaharibika ndani ya bajaji. Mle kabla ya saa 7 mchana.

8. Kachumbari

Katia nyumbani, nyanya na vitunguu kila kimoja chombo chake. Chumvi, ndimu na pilipili vitiwe ofisini, watu wakiwa wameshanawa mikono.