Jinsi ya kusoma jeni za virusi vya mafua ya ndege kujua dawa ipi itashindwa

Ukishapata mfuatano wa jeni za virusi vya H5N1, usiupekue wote. Kati ya vipande 8 vya RNA, vinavyohusu dawa ni vitatu: cha 6 (kimeng'enya cha neuraminidasi, kinacholengwa na oseltamiviri na zanamiviri), cha 7 (protini ya M2, inayolengwa na amantadini) na cha 3 (protini ya PA, inayolengwa na baloksaviri).

Kwenye kipande cha 6 tafuta badiliko la H275Y (histidini, H, ya nafasi ya 275 kuwa tirosini, Y). Wengi hukosea hapa kwa sababu ya namba tu. Kwa hesabu ya N2, aina nyingine ya neuraminidasi, nafasi hiyohiyo ni 274. Tena, virusi vingi vya H5N1 vilivyozoea kuku vimepoteza asidi amino 20 kwenye shina la protini, hivyo ukihesabu tangu mwanzo utaikuta kwenye 255. Afadhali utafute herufi za asidi amino NYHYEE. Zikisomeka NYYYEE, histidini imegeuka tirosini, na kilichobadilika ni nyukleotidi moja: C imekuwa T mwanzoni mwa kodoni (nyukleotidi tatu za asidi amino moja). Oseltamiviri na peramiviri hupoteza nguvu, lakini zanamiviri bado hufanya kazi. Kuandika "sugu kwa kundi zima" la dawa za neuraminidasi ni kumnyima mgonjwa dawa. Badiliko hili liliripotiwa kwa wagonjwa wa Vietnam mwaka 2005, na kwa kuku wa mashamba ya British Columbia, Kanada, mwaka 2024.

Kipande cha 7 kina mtego wake. M2 huungwa kutoka nyukleotidi 26–51 na 740–1007; ukitafsiri bila kuruka katikati utapata M1, protini nyingine. Mfuatano wako ukianzia kwenye ATG (kodoni ya mwanzo wa protini), toa 25 katika kila namba. Kwenye M2 kagua asidi amino za nafasi 26, 27, 30, 31 na 34. S31N (serini ya nafasi 31 kuwa asparajini) peke yake inatosha kuifanya amantadini isifae.

Kwenye PA angalia nafasi 38: asidi amino I (isoleusini) ikigeuka T, M au F, ishuku baloksaviri.

Tumia sampuli ya awali, kwani kukuza virusi kwenye seli huweza kubadilisha uwiano wa aina zilizomo. Mbinu ya Sanger ya kusoma mfuatano haioni vizuri aina iliyo chini ya takriban 20%, basi chunguza vilele viwili vinavyopandana kwenye nafasi moja ya grafu yake.

Badiliko la neuraminidasi usilolifahamu lipimwe kwa MUNANA (kemikali inayong'aa neuraminidasi inapoikata), katika maabara ya usalama wa daraja la 3 ikiwa virusi ni hai. IC50 (kiasi cha dawa kinachozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya) ikipanda mara 10 hadi 100, uzuiaji umepungua. Ikizidi mara 100, umepungua sana.