Jinsi ya kuwaandaa wanafunzi kwa AP English Language

Walimu wenzangu mliopo Marekani, mtihani wa AP English Language (somo la Kiingereza la kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) ni Mei na watoto wengi bado wanadhani kazi ni kutaja majina ya mbinu za lugha tu. Mtoto akiniandikia "mwandishi ametumia takriri" namuuliza, haya, katumia ili iweje, anamlenga nani, na kwa nini hapo na si kwingine? Chukua hotuba ya Rais Lincoln pale Gettysburg 1863, ni fupi mno mnaimaliza chap, waambie wapigie mstari kila "we" alafu wasome tena kwa sauti wakiweka "you" badala yake, hapo hata yule anayelala nyuma anasikia hotuba imegeuka amri.

Insha ziko 3, ya kuunganisha vyanzo, ya kuchambua mbinu na ya kujenga hoja, muda saa 2 na dakika 15, na hizo 15 ni za kusoma. Kila moja ina pointi 6: moja ya msimamo, 4 za ushahidi na maelezo, moja ya ukomavu wa fikra na uandishi ambayo wala msiipotezee usingizi. Hizo 4 ndo ugali, zingine mboga.

Ya hoja mimi naanza kwa mdomo, mada mfano simu darasani, mtu akishachagua upande namgeuza atetee ule mwingine, wanalalamika weee lakini kwenye kujibu wapinzani wanakuwa wakali. Ndo tunaandika, dakika 40, taima mezani.

Maswali ya kuchagua ni 45 kwa saa moja, hayo mazoezi tu. Na wazoee kutaipu, mtihani sasa uko kwenye kompyuta.